Ziara ya Miguu Mjini Garissa

Wahenga walisema tembea uone. Mwaka jana binamu yangu anayeishi Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, alinisimulia jinsi alivyouzunguka mji ule kwa miguu, yeye na ramani yake tu. Mji umekaa juu ya visiwa 14. Alipita vichochoro vya kale vya Gamla Stan hadi jumba la manispaa, ambako karamu ya Tuzo ya Nobel hufanyika kila tarehe 10 Desemba. Kisha akaniuliza, "Na huko Garissa kuna nini, mbali na yale mauaji?" Nikanyamaza. Jumamosi iliyofuata nikashika njia.

Tufuatane basi. Kila kituo tujiulize swali moja: kwa nini kipo hapa?

Kwanza ni daraja la mto Tana. Huu ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, nao huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Ng'ambo ni Madogo, Kaunti ya Tana River. Anayetoka Nairobi hupitia hapa.

Pili ni soko la mifugo. Ngamia, ng'ombe na mbuzi huletwa kutoka mbali. Mbona hapa? Kwa vile maji yapo na barabara ya Nairobi ipo. Bila mto, soko lingekuwa kwingine.

Tatu ni Soko Mugdi. Jina lenyewe ni somo la lugha: kwa Kisomali, mugdi ni giza.

Mwisho ni Chuo Kikuu cha Garissa. Hapa nilitembea polepole. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Masomo yalirejea Januari 2016, na mwaka 2017 chuo kikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Kwa nini kipo hapa? Kwa sababu hata sisi wa huku tunataka kusoma.

Hilo ndilo jibu nililompelekea binamu yangu. Mauaji sikuyaficha, lakini hayakuwa mwanzo wa barua wala mwisho wake.

Ukienda, toka asubuhi na ubebe maji, jua letu halina mchezo. Usipige picha ya mtu bila ruhusa.

Zoezi: Chora ramani ya mtaa wenu yenye vituo vitano. Eleza kwa nini kila kimoja kipo hapo.