SOMO LA ROBO HII: Punda wa Uwanja Mmoja, Chakula Tofauti



Katika ripoti zinazoletwa ofisini kila robo mwaka, sehemu ya mifugo hujazwa kwa maneno yaleyale: "Punda wote wanakula vizuri." Naomba tusiandike hivyo tena. Msimu wa mvua uliopita, kikundi kimoja cha akina mama kilipoteza punda jike mwenye mimba, na kosa lilikuwa la ofisi yangu. Tulimwona amenenepa mno, mafuta ya shingo yamejaa hadi yanalalia upande. Tukashauri afungwe bandani na kupewa chakula kidogo sana. Baada ya siku chache akakataa kula kabisa, na juma halikwisha akafa. Mwanapunda aliyetarajiwa alikuwa wa familia inayofuata kwenye orodha. Familia hiyo bado inabeba maji kichwani.

Daktari wa mifugo alitueleza jambo ambalo tulipaswa kulijua mapema. Punda mnene akinyimwa chakula ghafla, mwili huyeyusha akiba yake ya mafuta kwa wingi, mafuta hujaa kwenye damu, na ini hushindwa kazi. Mwenye mimba na anayenyonyesha wamo hatarini zaidi. Lakini kumwacha kwenye majani mabichi ya masika nako kuna hatari, kwa sababu huweza kuleta ugonjwa wa kwato unaomfanya ashindwe hata kusimama. Asili ya punda ni nyika kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, na tumbo lake limezoea majani magumu. Punda wa kilo 150 asiye na kazi hutosheka na kilo 2 hadi 2.5 za chakula kikavu kwa siku.

Sasa tazama uwanja wa kikundi cha kawaida. Yupo dume la mkokoteni, yupo jike anayenyonyesha, yupo mzee ambaye meno yamekwisha, na yupo mnene. Kujenga mabanda manne hatuwezi. Tena punda akitengwa na mwenzake aliyemzoea, huweza kuacha kula kwa upweke.

Njia tunayoijaribu sasa ilianzia kwa farasi. Mmarekani Jaime Jackson alichunguza farasi wa mwituni katika nyika kavu za magharibi mwa nchi yake, na mwaka 2006 akatoa kitabu kiitwacho Paddock Paradise. Badala ya kuwaachia wanyama uwanja mzima, unaweka uzio wa pili ndani ya ule wa nje, ili ibaki njia nyembamba inayouzunguka uwanja. Wanyama huishi kwenye njia hiyo.

Sisi tunaweka upana wa meta 3 hadi 4, na kwenye kona tunapanua zaidi, maana hapo ndipo punda mbabe humbana mnyonge. Uzio wa ndani ni miti na kamba za katani. Seng'enge hapana, inachana ngozi. Maji yawe upande mmoja na chakula upande wa pili, ili mnyama alazimike kutembea. Mabua makavu ya mtama au mahindi yatawanywe mafungu madogo madogo, na mafungu yazidi idadi ya punda, asikose mtu. (Nasema mtu, ukikaa nao utaelewa.) Mabua yenye ukungu yasitumike kabisa.

Mnene hula mabua hayo na kutembea, basi. Chakula hakatiwi ghafla. Badiliko lolote lienezwe kwa siku 10 hadi 14. Anayenyonyesha huingizwa katikati, penye majani, kwa saa chache kila siku, na huongezewa pumba kidogo. Mwenziwe abaki ng'ambo ya kamba ambapo wanaonana. Mzee hukatiwa majani vipande vifupi na kulowekewa pumba, naye asimamiwe hadi amalize, la sivyo mbabe atamaliza kwa niaba yake. Dume la mkokoteni huongezewa siku za kazi tu. Mwanapunda tumemwekea kijipenyo: mti mmoja wa kukingama, ambao yeye anapita chini yake na mama hapiti.

Majani ya katikati yanayosalia hukatwa yakianza kutoa maua, yakakaushwa kwa ajili ya kiangazi. Hapa ndipo wafadhili wanapoona fedha ya miti na kamba ikirudi, kwa kuwa Septemba na Oktoba ndiyo miezi tuliyozoea kuwaomba fedha za kununua chakula.

Kila kamati ichukue kamba ya katani, izungushe kifuani mwa kila punda nyuma ya miguu ya mbele, na kufunga fundo mahali inapokutana. Kila punda awe na kamba yake. Mwezi unaofuata pimeni tena. Ripoti ijayo tuandikieni kila punda kwa jina lake, na kama fundo limesogea, limesogea upande gani.