Jeni ya MTHFR na Siku 28 za Mwanzo wa Mimba

Mama anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, iwe Mji Mkongwe au Makunduchi, mara nyingi mimba imekwishatimiza miezi mitatu au zaidi. Hupewa kadi pamoja na vidonge vya madini ya chuma vyenye asidi ya foliki. Vidonge hivyo vina faida kubwa kwa damu yake. Hata hivyo, kwa kazi moja vimechelewa: mrija wa neva wa mtoto umekwishafungika, au umekwishashindwa kufungika. Somo hili laeleza sababu.

Katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, seli za mgongoni mwa kiinitete hujipanga zikawa utando bapa. Kingo za utando huo huinuka, huinamiana na kuungana, mfano wa jani linalojikunja, hata ukapatikana mrija. Sehemu ya juu huwa ubongo, na iliyobaki huwa uti wa mgongo. Kazi hii hukamilika takriban siku ya 28, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Mrija ukibaki wazi kichwani, mtoto haishi. Ukibaki wazi chini, huzaliwa na mgongo wazi: miguu huweza kupooza, haja zisidhibitike, na mara nyingi maji hujaa katika ubongo, hali ijulikanayo kama kichwa kikubwa.

Ili mrija ufungike, seli hazina budi kugawanyika kwa kasi, na mgawanyiko huo wahitaji folati. Hapo ndipo inapoingia jeni ya MTHFR, iliyoko kwenye kromosomu ya 1. Jeni hii hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoibadili folati iwe katika umbo ambalo mwili hulitumia, pamoja na vitamini B12, kugeuza homosisteini kuwa methionini. Mwaka 1995 watafiti walieleza badiliko dogo la jeni hii, liitwalo C677T. Aliyelirithi kwa wazazi wote wawili ana kimeng'enya dhaifu. Folati ikiwa haba, hatari ya mrija kutofungika huongezeka. Folati ikitosha, udhaifu huo hufidiwa kwa sehemu kubwa.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, badiliko hilo ni nadra zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, na mgongo wazi hutokana na jeni nyingi zikishirikiana na lishe, kisukari, au dawa ya kifafa kama valproeti. Kwa hiyo kupima jeni si sharti la kinga. Hata mwenye badiliko hunufaika na asidi ya foliki ya kawaida. Pili, jeni hutoka kwa baba na kwa mama. Kumlaumu mama peke yake, au kumficha mtoto kwa kudhani amepatwa na shetani, ni dhuluma isiyo na msingi.

Kinga imethibitika. Utafiti wa Uingereza uliofanywa katika nchi 7 na kuchapishwa mwaka 1991 ulionesha kuwa, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hii, miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku kuanzia kabla ya mimba zilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72.

Kila mwanamke anayetarajia kushika mimba ameze mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla, hadi wiki ya 12. Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia valproeti, amwone daktari mapema ili apangiwe dozi kubwa zaidi. Asiache dawa ya kifafa kwa hiari yake. Mchicha, kunde na maharage husaidia, lakini havitoshi kuwa badala ya kidonge.

Mtoto akizaliwa na uvimbe mgongoni, mkunga asiutoboe. Aufunike kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, amlaze mtoto kifudifudi, na ampeleke haraka Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako upasuaji wa ubongo na mgongo hufanyika. Kisha azungumze na wazazi wote wawili kuhusu mimba ijayo, kabla haijatungwa.