Kuzaliana au Kurudufiwa? Istilahi za Protini za Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa

1.0 Utangulizi
Katika mlipuko wa mwaka 2007, Dodoma ndio mkoa ulioathirika zaidi na Homa ya Bonde la Ufa nchini Tanzania. Elimu ya ugonjwa huo huwafikia wafugaji kwa Kiswahili, na Viwanja vya Nanenane vya Nzuguni ni mahali panapofaa kupimia istilahi zake. Makala haya yanachunguza kitenzi kinachofaa kueleza jinsi kirusi hicho kinavyoongezeka.

2.0 Mchakato na Istilahi
Kitenzi 'kuzaliana' kinadokeza kiumbe kinachojitosheleza, kama bakteria. Kirusi hakina ribosomu. Protini zake hutengenezwa na seli kilimoingia. Hata hivyo, kusema kwamba kirusi 'hunakiliwa na seli' nako hakutoshi. Jenomu yake ni RNA ya vipande vitatu, yaani L, M na S, ambayo ribosomu haziwezi kuisoma ilivyo. Kwa kuwa seli haina kimeng'enya cha kuinakili RNA hiyo, kirusi huingia na chake, yaani protini L. Protini hii hunyakua vichwa vya RNA-jumbe za seli na kuanzishia zile za kirusi. Protini N nayo huivika RNA, kwani L hainakili ipasavyo RNA isiyovikwa.

Protini NSs ina kazi tofauti: huzima utengenezaji wa interferoni, ambayo ni kinga ya awali ya mwili. Kirusi cha aina ya Clone 13, kilichopoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs, bado hurudufiwa katika seli, lakini makali yake hupungua. Ndiyo maana kimetumiwa kama chanjo ya mifugo. Kwa hiyo, istilahi 'protini rudufishi' inazistahili L na N, wala si NSs.

3.0 Hitimisho
Kauli ya kutendwa yenye mtenda bayana ndiyo inayopendekezwa: 'RNA ya kirusi hurudufiwa na protini L ndani ya seli.' Sentensi hiyo inamtaja mtenda na mahali pa tendo. Suala hili si la sarufi pekee. Mfugaji aliyeelezwa kwamba kirusi 'huzaliana' kama bakteria ana sababu ya kutafuta antibiotiki, ambazo hazikiui. Aliyeelezwa kwa usahihi ana sababu ya kuchanja mifugo kabla ya mvua kubwa.