Mafuta Yapo, Mdogo Wangu. Nani Atakulipa?

Wadogo zangu, leo tukae na jambo linalojirudia kwenye meseji mnazonitumia, hasa ninyi mlioko Uingereza ambao mnanunua hisa kwa simu mkiwa kwenye basi la kwenda kazini. Ni hisa za kampuni ndogo za mafuta zinazochimba katika nchi zisizotulia. Mmoja wenu ameniuliza kama avunje akiba aliyoiweka kwa ajili ya kiwanja Kigamboni anunue hisa za kampuni yenye kitalu kimoja tu, "lakini dada, kitalu chenyewe kikubwa!" Mwingine ameshanunua, bei imeshuka, halali usingizi, anataka nimwambie ashike au auze.

Nitawajibu kama ninavyomjibu mdogo wangu wa tumbo moja. Sina nia ya kuwatisha, maana pesa kwenye biashara hii watu wamepata kweli. Mwaka 2006 kampuni ndogo ya Australia, Hardman Resources, ilikuwa mbia wa kampuni ya mafuta ya Tullow kwenye visima vilivyopata mafuta kando ya Ziwa Albert, Uganda. Miezi michache baadaye Tullow ikakubali kuinunua Hardman nzima, na wanahisa wake wakachukua chao wakaondoka. Hiyo ndiyo hadithi ambayo kila anayekuuzia hisa hizi angependa uiote usiku. Mimi nataka nikupe nyingine, ndefu zaidi, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote yanayoweza kumkuta mwenye hisa.

Kampuni inaitwa Gulf Keystone Petroleum. Imesajiliwa Bermuda, hisa zake zinauzwa London, na mali yake kubwa ni kitalu cha Shaikan kilichoko Kurdistan, kaskazini mwa Iraq. Ilisaini mkataba wa kitalu hicho mwaka 2007. Mwaka 2009 kisima cha kwanza kikagonga mafuta, mengi, na hisa iliyokuwa ikiuzwa kwa peni chache ikaanza kupaa. Kufika Februari 2012, kukiwa na uvumi kwamba kampuni kubwa za dunia zinaitaka, hisa moja ilipita pauni 4. Walikuwepo watu wa kawaida kabisa, wastaafu, madereva, wauguzi, waliojikuta na utajiri kwenye karatasi. Wengi hawakuuza. Waliamini bado.

Na mafuta, mdogo wangu, yalikuwepo kweli. Yapo mpaka leo. Hapo ndipo ninapotaka usimame, kwa sababu watu hudhani hatari ya biashara hii ni kuchimba na kukuta shimo kavu. Hiyo ni hatari ya mwanzo tu. Shaikan ilikuwa na mafuta, na wenye hisa wa mwanzo bado walifutwa karibu wote.

Ilikwenda hivi. Kwanza, takwimu. Kwa miaka kampuni ilizungumzia mafuta yaliyolala ardhini, mabilioni ya mapipa. Machi 2014 ikatoka ripoti ya wataalamu huru, na kiasi walichokadiria kwamba kitavunwa na kulipa kilikuwa takriban mapipa milioni 300. Hisa ikaporomoka. Hakuna aliyeiba mafuta hapo katikati. Yaliyopo chini ya mwamba ni kitu kimoja, na yatakayotoka yakauzwa kwa faida ni kitu kingine, na hesabu ya kampuni ndogo hukaa kwenye hicho cha pili. Ukisoma tangazo, tafuta ni mapipa yapi wanayoyataja. Wakitaja ya ardhini tu, funga simu uende ukale.

Kisha ikaja vita. Juni 2014 wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliuteka mji wa Mosul, na kufika Agosti walikuwa wanaukaribia Erbil, mji mkuu wa Kurdistan yenyewe. Mwaka huohuo bei ya pipa, iliyokuwa juu ya dola 100, ikaanza kuteremka, na Januari 2016 ilifika chini ya dola 30. Na Baghdad, yaani serikali kuu ya Iraq, ilikuwa imekata mgao wa bajeti kwa serikali ya Wakurdi kwa sababu ya ugomvi wa nani ana haki ya kuuza mafuta. Weka hayo yote pamoja: serikali ya Erbil ina wanajeshi wa kulipa mishahara, ina wakimbizi, haina hela. Kampuni inachimba, inakabidhi mafuta, inasubiri kulipwa. Malipo hayaji, au yanakuja nusu. Huwezi kumpeleka mahakamani kirahisi mtu ambaye ndiye mteja wako wa pekee na ndiye pia aliyekupa leseni.

Lakini kampuni ilikuwa imekopa, na riba ya mkopo haijali kama Erbil imelipa au haijalipa. Kwenye kampuni yenye madeni, mwenye hisa ni kama mgeni anayepakuliwa mwisho kwenye shughuli: wanaanza wafanyakazi, wenye mashine na waliokopesha, na wewe unaletewa kitakachobaki kwenye sufuria. Mwaka 2016 deni la zaidi ya dola milioni 500 liligeuzwa kuwa hisa. Waliokopesha wakawa ndio wenye kampuni, na wanahisa wa zamani wakabaki na kipande kidogo sana. Ulikuwa unamiliki sehemu ya Shaikan. Ukaamka unamiliki chembe ya sehemu ile. Mwisho wa mwaka huo kila hisa 100 zikaunganishwa kuwa 1. Kuunganisha peke yake hakumpunguzii mtu thamani, ila kunaficha historia: baadhi ya chati za simu huirekebisha bei ya zamani, ukaona kana kwamba mwaka 2012 hisa ilikuwa zaidi ya pauni 400, na kijana asiyejua anasema, "Dada, tazama ilikotoka, lazima itarudi." Hairudi. Ile kampuni aliyoiona kwenye chati sasa ina wenyewe wengine.

Sasa sikia upande wa pili, maana nataka uone picha nzima. Aliyenunua baada ya maafa hayo, kampuni ikiwa haina tena deni zito, alivuna. Mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda kufuatia vita vya Ukraine, Gulf Keystone ililipa gawio la zaidi ya dola milioni 200. Kitalu kilekile, nchi ileile, siasa zilezile. Kilichobadilika ni nani alikuwa mbele kwenye foleni.

Na hata huyo hakulala usingizi. Mwaka 2020, wakati wa korona, Erbil iliahirisha malipo ya miezi minne. Februari 2022 mahakama ya juu ya Baghdad ikasema sheria ya mafuta ya Wakurdi ni kinyume cha katiba. Machi 2023 jopo la usuluhishi lililoko Paris likaipa Iraq ushindi dhidi ya Uturuki, na bomba linalopeleka mafuta bandari ya Ceyhan, Uturuki, likafungwa. Fikiria hapo: kampuni haikuwa hata upande mmojawapo wa kesi. Nchi mbili zinagombana, hukumu inasomwa Ulaya, na asubuhi yake mafuta yako hayana njia. Kwa zaidi ya miaka miwili waliyauza kwa malori kwa wanunuzi wa ndani, chini ya dola 30 kwa pipa, wakati bei ya dunia kwa muda mwingi ilikuwa juu ya dola 70. Bomba lilifunguliwa tena Septemba 2025. Miezi miwili kabla, ndege zisizo na rubani zilishambulia maeneo kadhaa ya mafuta ya Kurdistan, na Shaikan ikasimamishwa kwa tahadhari.

Ndiyo maana nasema, unaponiletea kampuni ya namna hii, usinianzie na ukubwa wa kitalu. Nionyeshe bomba. Linapita nchi ngapi, na je, nchi hizo zinaelewana? Anayenunua ni nani, na mara ya mwisho alilipa lini? Kampuni inadaiwa kiasi gani, na deni linaiva mwaka gani? Majibu yamo kwenye ripoti ya mwaka, si kwenye kundi la WhatsApp. Kuna sehemu inayotaja fedha ambazo kampuni inadai na hazijalipwa. Linganisha mwaka huu na uliopita. Kama kinachodaiwa kwa serikali kinakua haraka kuliko fedha zilizoko benki, umeshajua kinachofuata: watatoa hisa mpya ili waendelee kuishi. Ukiwa na hisa 1 katika 100, wakatoa nyingine 100 na wewe huna pesa ya kuongeza, umebaki na 1 katika 200, na wala hawakukupigia simu.

Huku kwetu pia tuna la kujifunza, na kubwa ni muda. Kenya walitangaza mafuta ya kisima cha Ngamia-1, Turkana, Machi 2012. Shehena ya kwanza ya kwenda nje iliondoka Mombasa Agosti 2019, mapipa 200,000 yaliyosombwa kwa malori, na kabla ya hapo wananchi wa Turkana waliwahi kuyazuia malori hayo wakidai usalama na haki zao. Mwaka 2025 Tullow ikakubaliana kuuza kila ilichokuwa nacho Kenya kwa dola milioni 120. Na hii ni nchi tunayoiita tulivu. Uganda iligundua mwaka 2006, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukafanyika Februari 2022, na mafuta yenyewe yanategemea bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kampuni ndogo yenye fedha za miaka miwili haiwezi kusubiri miaka kumi na sita. Ama inauza mapema, ama inakufa ikisubiri.

Kodi nayo. Heritage Oil iliuza vitalu vyake vya Uganda mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.45. Uganda ikadai kodi ya zaidi ya dola milioni 400. Heritage ikabisha, ikaipeleka Uganda kwenye usuluhishi London, ikashindwa. Mimi kama Mwafrika Mashariki nilifurahi, na sioni aibu kusema hivyo. Mali ilikuwa ya Uganda. Ila wewe mwenye hisa elewa kwamba bei inayotangazwa si pesa inayoingia mfukoni.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeniuliza, nami siwezi kuliruka. Nchi zisizotulia zina watu. Kampuni ya Kanada, Talisman, iliuza sehemu yake ya mafuta ya Sudan mwaka 2003 baada ya shinikizo kubwa kuhusu wanavijiji waliofukuzwa makwao kupisha visima. Sweden waliwashtaki mwaka 2021 wakuu wawili wa zamani wa Lundin Oil, wakidaiwa kusaidia uhalifu wa kivita katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, kati ya mwaka 1999 na 2003. Walikana, na kesi ilianza Stockholm Septemba 2023. Uamuzi huo ni wa mahakama. Wewe jiulize tu kabla ya kubonyeza: wanajeshi wanaolinda kile kitalu ni wa nani, na waliokuwa wakilima pale wako wapi sasa? Ukiona gawio linapita juu ya makaburi ya watu, liache. Hata kama lingelipa mara tatu, liache.

Sasa kwako wewe wa kiwanja cha Kigamboni. Hapana. Hapana kabisa. Pesa ya kiwanja, ada ya watoto, mchango wa VIKOBA, pesa ya matibabu ya mama, hizo hazina kazi huko. Kama moyo umekataa kutulia, tenga kiasi ambacho kikipotea chote hutamwambia mtu na hutapunguza chakula nyumbani, na usikope hata shilingi ya kuongezea. Nunua kupitia dalali aliyesajiliwa na mamlaka ya nchi unayoishi. Mtu anayekuambia umtumie pesa kwenye namba yake ya simu ili "akuingize kwenye mafuta" hakuuzii hisa yoyote. Usibishane naye, mzuie.

Na wewe uliyeshika na hulali. Achana na bei uliyonunulia, soko haliijui wala haliijali. Jiulize kama leo ungekuwa na pesa hiyo mkononi, ungeinunua kampuni hii kwa bei ya leo, ukiwa umesoma madeni yake. Kama jibu ni hapana, uza, hata kama ni kwa hasara. Kama bado una shaka, uza nusu ulale. Ukiamua kubaki, mpigie dalali wako wiki hii umuulize namna ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu, kwa sababu hisa zako ziko kwa jina lake na barua haitakufikia wewe. Azimio la kuruhusu wakurugenzi watoe hisa mpya huwa limo kwenye ajenda, na lina tarehe ya mwisho. Uliza tarehe hiyo kabla hujauliza kitu kingine.