Miguu Kama Breki: Baiskeli Isiyo na Friwili Katika Mteremko Mkali

Mwanafunzi aliyewahi kushuka kilima kwa baiskeli anaufahamu mlio mwembamba unaotoka kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma wakati miguu imetulia. Mlio huo ni wa friwili, kifaa kinachoruhusu gurudumu lizunguke bila kuzivuta pedali. Ipo aina nyingine ya baiskeli isiyo na kifaa hicho. Katika baiskeli hiyo gurudumu la meno la nyuma limekazwa kwenye kitovu chenyewe, hivyo maadamu baiskeli inakwenda, pedali huzunguka, na miguu iliyo juu yake huzunguka pia. Mpandaji akitaka kupunguza mwendo huzikaidi pedali kwa miguu.

Hali hiyo si jambo geni. Baiskeli ndefu za Ulaya za miaka ya 1870, zenye gurudumu kubwa la mbele, zilikuwa na pedali zilizofungwa kwenye gurudumu hilo hilo. Wakati wa kushuka kilima wapandaji hodari waliondoa miguu kwenye pedali na kuining'iniza juu ya usukani, ili wakirushwa watangulize miguu badala ya kichwa. Baiskeli ya Rover, aliyoitengeneza John Kemp Starley huko Uingereza mwaka 1885, ilileta mnyororo na magurudumu yanayokaribia kulingana, lakini miguu ilibaki mateka wa gurudumu. Friwili ilienea mnamo mwaka 1900, na breki bora zilienea pamoja nayo kwa sababu iliyo wazi: miguu ilipoachiliwa huru, ilipasa kitu kingine kifanye kazi yake.

Leo baiskeli zisizo na friwili hutumika katika viwanja vya mashindano, tena bila breki yoyote. Huko hakuna kilima, na washindani wote huelekea upande mmoja. Lakini zimependwa pia na vijana na matarishi wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, na barabara za miji hiyo si viwanja.

Ili kuielewa hatari yake yafaa kuanza na nishati. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayeshuka kutoka huko hadi Mombo, mwendo wa kilomita 33 hivi, hupoteza kimo cha karibu mita 1,000. Ikiwa mtu na baiskeli yake wana jumla ya kilogramu 80, nishati inayoachwa ni 80 × 9.8 × 1,000, yaani jouli 784,000. Kiasi hicho chatosha kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi, na kubakiza ziada. Nishati hiyo haipotei bali huingia katika hewa inayosukumwa, katika matairi, na katika chochote kinachotumiwa kuzuia mwendo. Friwili ikiwapo, kinachopata moto ni mpira wa breki na ringi. Isipokuwapo, wala breki haipo, sehemu hiyo ya nishati huishia katika misuli ya mapaja.

Na ichukuliwe barabara yenye mteremko wa asilimia 8, yaani inayoshuka mita 8 katika kila mita 100. Uzito wa mtu na baiskeli ni newtoni 784, na kani inayomvuta kufuata mteremko ni newtoni 63 hivi. Akishuka kwa kilomita 18 kwa saa, hewa na matairi huzuia kama newtoni 15. Zinazobaki, 48, ni juu yake. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 48 na la nyuma 16, kani ya mguu hufika barabarani ikiwa imepungua hadi karibu sehemu moja ya sita. Hivyo mpandaji hulazimika kuzikaidi pedali, kwa wastani na bila kupumzika, kwa kani ya newtoni 280 hivi, sawa na kushikilia mzigo wa kilogramu 29. Akilegea, mwendo huongezeka hadi hewa yenyewe imzuie, kwenye kilomita 45 hivi kwa saa. Kila mzunguko wa pedali ukiwa mita 6.3 za barabara, miguu yake sasa inazungushwa mara 119 kwa dakika. Atakayejaribu kuikwamua miguu hapo atapigwa na pedali.

Hapa pana jambo la kustaajabisha katika elimu ya mwili. Mwaka 1952 huko Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, zikipeana mgongo. Mmoja aliendesha mbele, mwenzake akazikaidi pedali zilizokuwa zikimrudisha nyuma. Kani na kasi zilikuwa sawa kwa wote wawili, lakini aliyekaidi alitumia oksijeni kidogo mara kadhaa kuliko aliyeendesha. Katika maonyesho ya jaribio hilo mwanamke mwenye umbo dogo alimchosha mwanamume mkubwa bila taabu. Sababu ni kwamba msuli unaorefushwa huku umekazwa hutoa kani kubwa kwa gharama ndogo. Ndiyo maana anayeshuka mlima hahemi kama anayepanda, ingawa baada ya siku moja au mbili mapaja humuuma zaidi, kwa kuwa nyuzi za msuli hujeruhiwa kidogo kidogo.

Urahisi huo ndio mtego. Mpandaji huona breki ya miguu haimchoshi, akadhani kwamba ina nguvu. Kumbe kikomo chake kiko chini ya tairi la nyuma. Kani ya breki hufanya kazi ardhini, ilhali kitovu cha uzito wa mtu na baiskeli kiko juu, kama mita 1.1. Kwa hiyo kila breki inapokaza, uzito huegemea gurudumu la mbele na la nyuma huwa jepesi; na tairi jepesi halishiki barabara. Breki ya nyuma hujinyang'anya yenyewe nguvu zake.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii ya momenti. Umbali kati ya ekseli mbili uwe mita 1.05, kitovu cha uzito kiwe mita 0.6 nyuma ya ekseli ya mbele. Kizio cha msuguano katika lami kavu kiwe 0.8. Kani kubwa kabisa ya breki ya nyuma, kama sehemu ya uzito wote, ni 0.8 × 0.6 ÷ (1.05 + 0.8 × 1.1), yaani robo moja. Breki ya mbele huweza kufikia nusu na zaidi kidogo kabla ya baiskeli kupinduka. Kutoka kilomita 36 kwa saa, katika mteremko ule wa asilimia 8, bila kuhesabu hewa, breki ya nyuma pekee huhitaji mita 30 kusimamisha baiskeli. Ya mbele, mita 11. Mteremko ukiwa asilimia 20, breki ya nyuma huhitaji kama mita 100. Ukifika asilimia 25 haisimamishi kabisa, hata mpandaji awe na mapaja ya chuma. Mtaa wa Filbert jijini San Francisco una sehemu yenye asilimia 31.5. Mvua ikinyesha na msuguano ukashuka hadi 0.4, asilimia 16 tu yatosha kumshinda.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1983 huhesabu gurudumu la nyuma lisilo na friwili kuwa breki moja, lakini hudai breki ya pili katika gurudumu la mbele. Mwezi Februari 2016 mwanamke aliyekuwa akivuka barabara jijini London aligongwa na baiskeli ya namna hii isiyo na breki ya mbele, akafariki. Mwendeshaji alihukumiwa mwaka uliofuata kifungo cha miezi 18. Barabara ile haikuwa hata na mlima.

Kwa hiyo anayeshuka na baiskeli isiyo na friwili hana budi kuwa na breki ya mbele iliyo nzima, na kuanza kuitumia kileleni, kabla mwendo haujaipita miguu. Mnyororo nao ukaguliwe, kwani ukiruka, breki ya miguu imekwisha papo hapo. Katika kona kali mpandaji asiinamishe baiskeli sana: pedali ya upande wa ndani haiwezi kusimamishwa juu, itagonga lami na kulinyanyua gurudumu.

Jaribio moja halihitaji hata kupanda baiskeli. Mwanafunzi aisukume baiskeli ya kawaida kwa mwendo wa kutembea kwenye uwanja tambarare, akiishika usukani, kisha akaze breki ya nyuma peke yake: gurudumu litaburuta na kuacha mchirizi. Arudie kwa breki ya mbele, akiikaza polepole, na mwenzake aliyechuchumaa kando aangalie tairi la nyuma linavyonyanyuka kutoka mchangani.