Mashua Uliyowakataza Wanao

SWALI: Nina mashua hapa Sori iliyonisomeshea watoto wanne. Tangu niache uvuvi imekaa ufuoni. Nataka kuwapa wajane wa kanisani kwetu wanaochuuza omena, wavue wenyewe badala ya kuwanyenyekea wavuvi. Inavuja kidogo tu, wakikumba maji inakwenda. Wanangu nimewakataza kuipanda. Injini nitabaki nayo. Mke wangu anasema niipasue kuni, jambo lililoniudhi sana. Je, niitoe Jumapili mbele ya waumini, au tuandikishiane kwanza?
Mwenye Mashua, Migori

JIBU: Baba, la kuandikishiana halina mjadala. Makofi ya kanisani hayabadilishi mwenye mashua. Nenda kwa viongozi wa BMU, yaani kitengo cha usimamizi wa ufuo wenu, jina libadilishwe kwenye daftari, na chombo kikaguliwe kabla ya kugusa maji. Sherehe ni hiari yako.

Sasa turudi pale ulipopita mbio. "Wanangu nimewakataza kuipanda." Kwa nini uliwakataza?

Wewe umekesha ziwani miaka mingi. Unajua usiku wa omena ulivyo: taa zinayumba juu ya maji, upepo umegeuka, maji ndani ya mashua yamefika kwenye vifundo vya miguu, na kijana mmoja hana kazi nyingine ila kukumba kwa kopo la mafuta lililokatwa mdomo. Akichoka, nyote mmekwisha. Nashuku unajua mbao za chini kando ya mkuku zimelainika, hata kama umeniandikia kwamba inavuja "kidogo tu". Kwa watoto wako kidogo hicho kilikuwa kingi mno. Lakini mama aliyemzika mumewe, ambaye akizama watoto wake hawabaki na mzazi hata mmoja, huyo umeona inamfaa. Na kama hataipanda mwenyewe, atawapandisha vijana wa kuajiriwa, nao ni wana wa watu. Hapo umekosea, Baba, na umekosea vibaya.

Kutoa si kuhamisha hatari kutoka boma lako kwenda boma la jirani. Msimamo huu siulegezi, iwe ni nguo, ng'ombe au mashua: usichoweza kumpa mwanao usimpe mjane, maana mjane ana shida moja ambayo mwanao hana. Hawezi kukataa. Ukimkabidhi mbele ya mchungaji atapiga vigelegele, ataimba, atakuombea maisha marefu, kisha atarudi nyumbani na gharama ya fundi, ya misumari na ya pamba ya kuzibia nyufa, juu yake deni la shukrani kwako. Mashua ikimshinda, watu watasema wanawake walipewa wakashindwa kutunza. Hakuna atakayekumbuka ilikuwa imeoza tangu siku ya kwanza.

Nia yako ya kuwatoa kwenye kunyenyekea ni njema, nami naiheshimu. Jaboya, ile desturi ya mwanamke kutoa mwili kwa mvuvi ili apate samaki, imeumiza wanawake wengi kuanzia Muhuru hadi Mbita na visiwa vya Remba na Ringiti, na si siri kwamba Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizolemewa zaidi na Ukimwi nchini. Mwanamke mwenye chombo chake ana kauli juu ya samaki wake. Wanawake wa Nduru, upande wa Kisumu, walilionyesha hilo kuanzia 2011, walipopata mashua kwa msaada wa wafadhili wa Marekani na kuwaajiri wanaume wa kuwavulia. Lakini hata mashua zao, walizoundiwa zikiwa mpya, nyingi zilichakaa miaka ilivyosonga, pesa za kuzikarabati hazikupatikana, na mafuriko ya 2020 yakawatoa hata majumbani mwao. Ikiwa mpya zilikula pesa kiasi hicho, hiyo yako itakula nini?

Hata hivyo sikuoni kuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angeipaka rangi akaiuza. Nadhani wewe, Baba, huna moyo wa kuiona ikipasuliwa. Kila ukipita ufuoni unaona karo za watoto wanne. Mkeo alipotaja kuni, ulisikia kana kwamba kazi ya maisha yako imeambiwa haina maana tena, ndipo ukatafuta mikono mingine ikafie huko, usione. Uchungu huo ni wa haki. Ila ni wako, wala wajane hawakuomba kuubeba. Na mama watoto, ambaye usiku wote ule wewe ukiwa majini naye alikuwa akisikiliza upepo, hakukutukana. Ametamka tu lile ulilokuwa umeshalikubali siku uliyowakataza wanao. Kaa naye mlizungumze hilo, kabla ya mchungaji na kabla ya BMU.

Kisha mwite fundi asiye ndugu yako. Achome mbao za chini kwa msumari, moja baada ya nyingine. Zikiwa ngumu, zile chache mbovu zibadilishwe kwa pesa zako. Miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai, ni nafasi nzuri ya kazi hiyo. Ikimalizika, wewe na wanao muwe wa kwanza kwenda nayo hadi kilindini na kurudi, na uwakabidhi wajane pamoja na majaketi ya kujiokolea. Msumari ukizama, ipasue. Mbao nzima za juu zitengenezee chanja za kuanikia, kwa sababu omena wa kuanikwa mchangani hawapati bei nzuri, na hapo akina mama watafaidika bila mtu kulala ziwani. Waulize wao kwanza. Barua yako nzima haina neno hata moja waliloulizwa.

Na hiyo injini umesema utabaki nayo. Kama mashua inatengenezeka, injini iende nayo. Ukiwapa mbao pekee, itawabidi wakodi injini kwa wavuvi wale wale unaotaka wasiwapigie magoti.