Magurudumu Kwanza, Injini Baadaye

Ni katika karakana ya fundi mzee huko Kaaga, juu kidogo ya mji wa Meru. Kijana amekuja na mchoro wa mashine ya kupasua mbao kwa msumeno wa mkanda anayotaka kuiunda mwenyewe, ya kuvutwa na pikapu kutoka shamba hadi shamba.

KIJANA: Mzee, injini nimeshapata, ya petroli, hosipawa 13. Vyuma vya fremu vipo pia. Nimebakiza magurudumu ya kuzungusha msumeno, na kule Gakoromone nimeona mawili ya inchi 12 kwa bei nzuri. Magogo ya huku si makubwa, nadhani yatatosha.

MZEE: Ungeanza na magurudumu, kijana wangu, halafu ndiyo utafute injini. Kwani gogo ndilo limekwambia inchi 12?

KIJANA: Ndilo. Miti mingi ya mukima iliyo mipakani mwa mashamba haizidi sentimita 40.

MZEE: Gogo litakupa umbali wa ekseli hadi ekseli, kwa sababu linapita katikati. Gurudumu lenyewe unalipima kwa unene wa msumeno. Misumeno ya mkanda ya mashine hizi ina unene wa milimita moja na nukta kidogo, upana milimita 32. Kila ukifika kwenye gurudumu unapindwa, ukitoka unanyooka. Chukua msumeno wa mita nne unaokimbia mita 25 kwa sekunde. Unamaliza mizunguko sita kila sekunde, na magurudumu ni mawili. Piga hesabu ya saa moja.

KIJANA: Mara kumi na mbili kwa sekunde… elfu arobaini na kitu.

MZEE: Elfu arobaini na kitu, kwa saa moja tu. Chuma huchoka. Ufa unaanzia kwenye bonde kati ya jino na jino, mahali usipopaangalia. Gurudumu likiwa dogo, msumeno unapindwa zaidi, na utakatika kabla meno hayajaisha makali. Wewe utamlaumu aliyekuuzia.

KIJANA: Sasa kipimo ni kipi?

MZEE: Waangalie walioifanya kazi hii kwa miaka mingi. Wood-Mizer wa Indiana, Marekani, walianza mwaka 1982, na mashine zao nyingi zina magurudumu ya inchi 19, yaani milimita 483. Gawanya kwa unene wa msumeno, milimita 1.07. Unapata kama 450. Mimi nashika hapo: kipenyo kisipungue mara 450 ya unene. Yale ya inchi 12 yangetaka msumeno wa milimita 0.7, nao ukikutana na mkaratusi mbichi utayumba, mbao itoke na mawimbi.

KIJANA: Basi nichukue makubwa kabisa. Rimu za gari na tairi zake! Hizo hata sikerezi.

MZEE: Wapo waliofanya hivyo na mashine zinapasua. Lakini msumeno unaopatikana tayari ni wa mita 4.01. Toa mzunguko wa gurudumu, kinachobaki gawanya kwa mbili, huo ndio umbali wa ekseli. Kwa inchi 19 unapata mita 1.25, na nafasi kati ya magurudumu ni sentimita 76. Kwa tairi la sentimita 60, nafasi inashuka hadi sentimita 46, na hapo bado hujaweka beringi za kuongoza msumeno. Gogo lako la 40 litabanwa. Kuna na mwendo. Mita 25 kwa sekunde ni kilomita 90 kwa saa. Zile spea nyembamba zinazokuja na magari ya Japani, ambazo wengi huzikimbilia kwa kuwa ni nyembamba na ngumu, zimeandikwa ubavuni zisipite 80. Ukizitumia, punguza mwendo hadi mita 22, na upepo uwe sawa pande zote mbili kila asubuhi, la sivyo msumeno utatembea juu ya tairi.

KIJANA: Na rimu za bodaboda? Ni nyepesi, na huku zimejaa.

MZEE: Hapana. Msumeno hufanya kazi ukiwa umekazwa. Kila upande unavuta karibu kilo 450, kwa hiyo ekseli inabeba kama kilo 900, nao mvuto wote unatoka upande mmoja. Spoku hazikuundwa kwa hilo. Magurudumu ya mbao pia sikushauri kwa mvua zetu za Machi na Oktoba. Yatavimba, na gurudumu lililopoteza duara halirudi.

KIJANA: Mzee mwenyewe ungechukua nini?

MZEE: Puli mbili za chuma za inchi 18 au 19, zenye mfereji wa beliti aina ya B. Kwenye mashine kuukuu za kusaga au za kahawa unaweza kuzipata. Ukizikosa, mpe mkerezaji kazi, na hiyo pesa usiionee uchungu. Unavalisha beliti ndani ya mfereji, msumeno unakaa juu ya mpira. Puli kuukuu ining'inize kwa kamba uigonge na nyundo ndogo. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikitoa sauti butu, ina ufa, iache hapo hapo. Iliyochomelewa usiiguse hata ukipewa bure, maana chuma cha kusubu kikipasuka kwenye mwendo hakichagui wa kumpiga.

KIJANA: Na zikiwa inchi 18 moja, nyingine 19?

MZEE: Tafuta pacha. Kisha kila moja ivae beringi zake na uiache ijizungukie polepole. Upande mzito utashuka chini kila mara. Toboa kidogo upande huo, rudia mpaka isimame popote. Shika chaki karibu na ukingo, zungusha. Chaki ikigusa sehemu moja tu, rudi kwa mkerezaji. Habu za mbele za gari kuukuu zinafaa sana kwa ekseli, zimezoea mzigo.

KIJANA: Injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika.

MZEE: Gurudumu la inchi 19 linataka kama mara 1,000. Kwa hiyo puli ya injini inchi 5, ya kuendesha ekseli ya gurudumu inchi 18.

KIJANA: Mzee, kazi hii yote, na jirani anapasua kwa pawasoo bila hata kupiga hesabu.

MZEE: Ndiyo maana nakusumbua. Mnyororo wa pawasoo unakula milimita nane au tisa kila ukipita. Pitisha mara kumi, sentimita tisa zimekuwa unga: mbao tatu za inchi moja. Msumeno wa mkanda unakula mbili. Serikali ilipofunga ukataji kwenye misitu yake Februari 2018, hadi ulipofunguliwa mwaka 2023, watu waliitegemea miti ya mashambani. Mama aliyelea mukima miaka kumi na tano ili alipe karo, inaniuma moyo nikiona robo ya mti wake iko chini imetawanyika.

KIJANA: Nimeelewa. Msumeno nauwekaje juu ya hizo puli?

MZEE: Mabonde ya kati ya meno yatoke nje ya gurudumu kwa milimita tatu au nne, meno yasikanyagwe. Magurudumu yote mawili yafunike kwa bati nene, kwa sababu siku moja msumeno utakatika. Beliti iwe imeinuka juu ya kingo za puli. Ikilika mpaka msumeno ukaanza kugusa chuma, badilisha zote mbili siku hiyo hiyo, hata kama kuna gogo mezani.